Dakika Moja Hadi Metro

2 Septemba

Daktari amesema moyo wangu umechoka. Alilisema kwa ile sauti wanayowasemea wazee, kana kwamba uzee ni uziwi. "Bibi Leontina, tusipange mambo ya mbali sana." Nikamuuliza mbali ni wapi. Akasema, "Tuione kwanza Krismasi." Nimekuwa mhandisi wa majengo miaka thelathini na minne, mtu akikwepa kukutajia tarehe, ujue tarehe anayo.

Nimemwomba mwanangu Horia aniletee daftari. Hakuuliza la nini. Alikuwa na haraka ya kunisomea tangazo aliloandika la nyumba ya ghorofa ya tano humu jengoni, ile niliyoachiwa na dada yangu Veturia aliyefariki wakati wa Pasaka. Kodi yake itamlipa mwanamke wa kunihudumia mimi.

"Vyumba viwili, dakika moja hadi metro. Jengo imara la zamani. Limestahimili tetemeko la mwaka arobaini na la sabini na saba." Akainua uso. "Vipi?"

"Futa hilo la mwisho."

"Mama, hilo ndilo linalouza."

Nina hasira. Naandika neno hilo mwanzoni ili atakayesoma asidhani nimekaa hapa natubu kwa machozi. Machozi sina. Nina hasira na huyu kijana wa miaka hamsini na mmoja, na majirani zangu, na daktari, na mji mzima wa Bukaresti unaolala fofofo juu ya ardhi ambayo kila mtu anajua itatikisika tena.

4 Septemba

Wamekuja wanafunzi watatu. Walipiga picha dirishani. Hakuna aliyetazama kuta.

5 Septemba

Wengine wanne. Wanahesabu hatua kutoka mlango wetu hadi ngazi za metro. Sitini na mbili, wakashangilia kama wameokota dhahabu. Treni ikipita chini ya ardhi, maji yaliyo kwenye glasi yangu hutetemeka. Hupita kila baada ya dakika nne. Kila mara mkono wangu huenda kwenye glasi, na kila mara najitukana.

11 Septemba

Duka la dawa lililo chini yangu limeshusha bango lake lipakwe rangi upya, na ukutani likaonekana bamba jekundu la duara. Manispaa hulibandika kwenye majengo yatakayoanguka kwanza. Letu lilibandikwa zaidi ya miaka ishirini iliyopita, na wiki moja baadaye bango la duka la dawa likatundikwa juu yake. Wakazi wote walikubali. Mwenyekiti wa kikao kile nilikuwa mimi.

Siku hizi mwenyekiti ni Pompiliu wa ghorofa ya nne, mwalimu mstaafu wa jiografia. Nilimsikia barabarani na Horia.

"Bwana Pompiliu, kuna dada anakuja kutazama nyumba saa kumi. Bango linarudi lini?"

"Rangi haijakauka, we Horia. Nikaipulizie?"

"Tundika chochote. Hata shuka."

"Shuka jeupe, au jekundu lifanane?" Akacheka kicheko chake cha kukohoa.

Mwishowe walichukua zulia la mke wa Pompiliu wakalining'iniza kwenye roshani ya ghorofa ya kwanza, kama linaanikwa. Mpita njia gani atauliza kwa nini zulia limeanikwa? Mji huu wote huanika mazulia.

Nilimwita Horia juu. "Huoni haya?"

"Haya ya nini? Wewe mwenyewe ndiye uliyesema bamba lile ni siasa. Kwamba wanataka kututoa wachukue jengo kwa sababu liko juu ya metro. Maneno yako, Mama."

Maneno yangu, ndiyo. Anayatumia kama mwavuli wa kuazima: mvua ikinyesha anaufungua, na haulizi ni wa nani.

Saa kumi dada mwenyewe akaja. Anaitwa Smaranda Tudose, muuguzi wa hospitali ya watoto, mzaliwa wa Vaslui, ana mimba ya miezi mitano. Mumewe anaendesha malori ya Ujerumani. Huonekana nyumbani siku mbili kwa mwezi. Aliipenda nyumba, kisha akashuka kunisalimu.

"Shikamoo bibi. Nakaa mwisho kabisa wa mji, na zamu yangu inaanza saa kumi na mbili. Naamka wakati wezi wanarudi kulala. Tunasalimiana barabarani."

Nikacheka. Muda mrefu sikuwa nimecheka. Ndipo akaketi, akaweka mkono juu ya tumbo, akaniangalia machoni.

"Bwana Horia ameniambia wewe ni mhandisi. Basi nakuuliza wewe, yeye simuulizi. Ungemlea mtoto humu?"

Nikasema: "Nimemlea wangu humu."

Uso wake ukafunguka. Akanishika mkono, akasema, "Asante, bibi. Nilitaka kusikia hilo tu."

Kila neno nililosema lilikuwa kweli. Nilifundishwa kudanganya hivyo, na nilikuwa mwanafunzi hodari.

12 Septemba

Nimepiga kikombe ukutani. Kuokota vipande kumenichukua asubuhi nzima.

25 Septemba

Jengo lote linanuka pilipili hoho za kuchoma. Kila jiko linapika akiba ya majira ya baridi, mitungi inagongana kwenye ngazi, na watu wanaulizana ulitia biringanya ngapi. Huu ndio msimu tunaojifanya tutaishi milele.

Smaranda ameleta mtungi wake. "Ni mapishi ya Vaslui, bibi. Ukipenda ya Bukaresti zaidi usiniambie." Wamekubaliana na Horia: mkataba utasainiwa siku ya Mtakatifu Dumitru, tarehe 26 Oktoba. Tangu enzi za babu zangu wapangaji wa mji huu huhama siku hiyo. Horia anaona ni jambo la baraka. Kule anakokaa Smaranda ameshatoa notisi.

Nimekula nusu ya mtungi kwa kijiko. Ni mtamu kuliko wetu. Hilo nalo limeniudhi.

2 Oktoba

Mvua. Kifua.

3 Oktoba

Mvua.

7 Oktoba

Leo kifua kimepoa kidogo, basi naandika.

Tetemeko la Machi mwaka wa sabini na saba lilipopita, tuligawiwa mitaa ya kukagua. Nilikuwa na miaka thelathini na tisa, na mwanangu mitano. Jengo hili lilikuwa kwenye karatasi yangu. Chini, mahali palipo na duka la dawa, palikuwa na duka la mikate, na ndani yake nguzo sita. Nguzo ya tatu ilikuwa imepasuka kwenye kimo cha bega langu. Zege lilikuwa limesagika kama makombo, nondo zimepinda kwa nje. Niliweza kuingiza mkono wangu hadi kiwiko. Nyuma yangu watu walikuwa wamepanga foleni ya mkate.

Niliandika ripoti: watu watoke, nguzo ijengwe upya, na nyingine zote ziimarishwe. Tukaanza kazi. Kiangazi hicho ikaja amri kutoka juu kwamba ukarabati umechukua muda mwingi na nchi inasonga mbele. Mkuu wa idara yetu, Filotei, aliniita ofisini. Hakuwa mtu mbaya, na hilo nalo naliandika.

"Ndugu mhandisi, unakaa wapi sasa?"

"Kwa mama mkwe. Watu sita, vyumba viwili."

"Na mtoto?"

"Analala jikoni."

Akanisogezea karatasi mbili. Moja ilisema ukarabati wa jengo umekamilika. Ya pili ilikuwa ya kunipa nyumba, ghorofa ya pili, katika jengo hilohilo. "Nani atalijua jengo hili kuliko wewe?" akasema. Mpaka leo sijui kama ilikuwa kejeli au huruma.

Nikasaini zote mbili. Mafundi wakapiga lipu siku mbili. Nguzo ikawa nyeupe, laini, nzuri kuliko zile nzima.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Dhambi yangu ni kwamba niliuziba.

Kitanda cha Horia tulikiweka kwenye kona yenye joto, karibu na bomba. Kona hiyo iko juu ya nguzo ya tatu. Nilijua. Mara ya kwanza ardhi ilipotikisika tena aliamka akilia. Nikamwambia: "Jengo letu ni kama bibi mzee. Hupiga magoti akaomba, kisha husimama. Lilisimama mwaka arobaini, likasimama sabini na saba, na sasa limezoea." Akalala.

Mtoto wa mwaka wa kwanza chuoni angelicheka hilo neno. Jengo halizoei. Kila tetemeko hulipunguza, kama ugonjwa unavyompunguza mtu, na lililosimama mara mbili ndilo lililo karibu zaidi kulala. Lakini huu mji wote unasema vilevile. Waulize kwenye foleni, waulize kanisani: limestahimili mawili, litastahimili la tatu. Siwezi kusema walilipata kwangu. Naweza kusema mwanangu alilipata kwangu.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imefika miaka arobaini na sita, na bado kuna wanaohesabu hatua sitini na mbili kuja kuifuata.

15 Oktoba

Padri Visarion amekuja kunipa sakramenti. Nilimwambia yote: nguzo, karatasi mbili, kitanda. Alisikiliza huku akiangalia saa, nadhani alikuwa na maziko. Akanifunika kichwa kwa ile stola yake, akasoma, akaniambia nimesamehewa. Kisha akauliza kama nilikula nyama Jumatano, siku ya mfungo.

"Baba, na nguzo?"

"Mungu ameiona nguzo."

"Mungu aliiona tangu siku ya kwanza. Kuna dada anahamia tarehe ishirini na sita."

Akavuta ndevu. "Binti yangu, usiuchoshe moyo. Yaache ya dunia kwa walio duniani."

Ana miaka arobaini na ananiita binti yangu. Nilimwambia achukue tufaha nililomwekea mezani aende. Msamaha wa bei rahisi namna hii hata sokoni ningeukataa.

16 Oktoba

Hasira bado ipo, juu ya Horia sasa. Alikuja na mkataba, akauweka mezani, akaupapasa kama paka. Anajua, nilijiambia. Ameliona bamba, ametundika zulia. Anajua na anamuuza yule dada. Nimezaa dalali.

19 Oktoba

Leo nimegundua kitu na nusura kiniue kabla ya tarehe ya daktari.

Smaranda alikuja kupima mahali pa kitanda cha mtoto. Lifti imeharibika, akapumzika kwangu ukumbini, na Horia alikuwa naye. Mimi nilikuwa nimelala chumbani, mlango wazi kidogo.

Smaranda akasema, "Kazini wananitisha. Wanasema majengo ya barabara hii..."

"Sikiliza, dada yangu," Horia akamjibu, na sauti yake haikuwa ya dalali hata kidogo. "Hili jengo ni kama bibi mzee. Hupiga magoti akaomba, kisha husimama. Mimi nimekulia humu. Tetemeko la themanini na sita nilikuwa humu, la tisini nilikuwa humu. Sijawahi kulala vizuri popote kama kwenye kile chumba. Ningekuwa na mjukuu ningemlaza hapohapo."

"Hapo wapi?"

"Hapo kwenye kona, karibu na bomba. Linapanda hadi kwako ghorofa ya tano. Kuna joto."

Hadanganyi. Anaamini kila neno. Mimi nilidhani ameshika mwavuli wa kuazima, kumbe ni ngozi yake. Nilimvika akiwa na miaka mitano na akakua nayo. Wiki hizi zote nimemchukia kwa sababu ya uongo ambao mwongo wake ni mmoja tu, na yumo kitandani anasikiliza.

20 hadi 25 Oktoba

Mara tatu nimeanza kumwambia. Mara ya kwanza simu yake ililia. Mara ya pili nilikohoa, akakimbilia dawa. Mara ya tatu hakukuwa na simu wala kikohozi.

26 Oktoba

Mtakatifu Dumitru. Mvua nyembamba. Toka asubuhi barabara imejaa magodoro.

Walikaa mezani kwangu kwa sababu mwenye nyumba ni mimi na saini ya kwanza ni yangu. Horia alileta mvinyo. Smaranda alikuwa amesuka nywele. Chini, binamu yake alikuwa anasubiri na gari la mizigo.

Horia akanipa kalamu. "Haya Mama, tia baraka."

"Sitii."

"Mama ameanza," akamwambia Smaranda akitabasamu. "Usijali, ni umri."

"Horia, nyamaza. Smaranda, usihamie humu. Siku ile uliniuliza kama ningemlea mtoto humu, nami nikakujibu kama wakili. Sasa nakujibu kama mhandisi. Hapana."

Nikawaambia. Sikulia na sikupamba. Niliwaambia kuhusu zege lililosagika, mkono hadi kiwiko, lipu ya siku mbili, karatasi mbili, bamba lililo nyuma ya bango na nani aliyelifunika. Nikamwambia Horia kitanda chake kilikuwa juu ya nini.

Smaranda ndiye aliyesema kwanza. Sauti yake ilikuwa chini.

"Nilikuuliza. Uso kwa uso."

"Ndiyo."

"Mwezi na nusu uliopita. Nimetoa notisi kule, ameshaingia mtu mwingine. Kitanda cha mtoto kiko chini kinanyeshewa. Leo ndiyo unakumbuka?"

"Nilikumbuka siku ileile."

"Basi ulisubiri nini?"

"Niliogopa."

"Uliogopa nini, bibi? Unakufa!" Akajiziba mdomo, kisha akautoa mkono. "Hapana, sikuombi radhi. Watu kama wewe mnasema ukweli mkishaona hauwagharimu. Mimi nitalala wapi leo?"

Akainuka, akasukuma kiti. Kwenye ngazi nilimsikia akipaza sauti kwa binamu yake: "Usishushe! Rudisha kila kitu garini!" Hatua zake zilikuwa nzito na za polepole, ngazi kwa ngazi.

Horia hakusogea. Treni ikapita chini.

"Si kweli," akasema.

"Ni kweli, mwanangu."

"Ulinishika mkono. Kila ilipotikisika ulikuja ukanishika mkono, ukaniambia yale maneno. Na ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Ungenihamishia hata sebuleni. Ungesogeza kitanda mita mbili."

Ndilo swali ambalo padri hakuuliza. Ningekisogeza kitanda ningekuwa nimekiri, hata kama ni kwa ukuta tu.

Akaondoka bila koti.

27 Oktoba

Hakuna mtu.

29 Oktoba

Hakuna mtu. Mke wa Pompiliu aliniletea supu, akaniwekea mlangoni bila kubisha.

1 Novemba

Pompiliu alikuja kwa niaba ya wakazi. Habari zimeshapanda ngazi zote. "Bibi Leontina, umetuua kabla ya tetemeko. Nani atapanga humu sasa? Nani atanunua? Mimi sina pa kwenda na miaka yangu sabini."

"Ungeenda ulipokuwa na hamsini. Ulipiga kura na mimi."

"Ulituambia ni siasa!"

"Niliwaambia. Na mlipenda kweli kuambiwa."

Akasimama akitafuta tusi, mwalimu mzima, asilipate. Nilimhurumia, na hilo lilinikasirisha zaidi.

5 Novemba

Jumapili. Kuanzia saa nne asubuhi nyundo ilisikika chini ya sakafu yangu. Nilijua ni nani kwa jinsi anavyopiga: mapigo matatu, kisha anapumzika. Hata misumari ya picha alipiga hivyo.

Horia alipanda baada ya saa moja, mweupe kwa vumbi hadi kwenye kope. Mwenye duka la dawa alikuwa amemkubalia asogeze rafu ya dawa za kikohozi.

"Nyuma ya lipu kuna magazeti," akasema. "Walijaza tundu kwa magazeti, Mama. Nimevuta moja. Ni la Agosti sabini na saba. Lina hali ya hewa. Lilisema kutakuwa na jua."

Hilo sikulijua. Nilisaini bila kwenda kutazama.

"Vaa koti."

"Niache hapa, Horia. Mimi ndiye ninayestahili kukaa humu."

"Sikuulizi unastahili nini. Nimekwambia vaa koti."

Akanibeba ngazini mgongoni, kama gunia. Nilihisi vumbi la nguzo kwenye shingo yake.

10 Novemba

Niko kwa Horia. Hapa metro haifiki, ni mabasi tu na mbwa. Glasi yangu imetulia, na mkono bado unaiendea.

Ameniletea karatasi. "Andika kama ulivyotuambia sisi. Namba ya nguzo, tarehe, jina la aliyekuamuru, jina lako." Nimeandika kurasa nne, kwa mkono uleule uliosaini zile karatasi mbili. Amezipeleka manispaa yeye mwenyewe, na nakala ameibandika mlangoni mwa jengo. Pompiliu aliichana. Akabandika nyingine. Sasa ameacha kuchana. Inasemekana wamejitokeza watatu wanaotaka kusaini ili kazi ya kuimarisha ifanyike. Zinahitajika saini za nyumba zote ishirini na mbili. Zangu mbili zipo.

13 Novemba

Smaranda alipiga simu. Amepata chumba, mabasi mawili hadi kazini.

"Bado nasalimiana na wezi," akasema. "Sikupigii kukushukuru, bibi. Nataka ujue hilo."

"Najua."

"Mtoto anapiga teke sana." Akakata.

17 Novemba

Theluji ya kwanza, chafu. Sikula.

21 Novemba

Naandika polepole. Horia bado hanizungumzishi ila kwa mambo ya dawa na sahani. Haniiti Mama, anasema "haya", "kunywa", "geuka". Mchana huu alinilisha supu kijiko kwa kijiko, macho yake kwenye bakuli. Lilipokwisha hakuinuka.

"Nataka kukuuliza jambo moja," akasema. "Usinijibu kama wakili."

"Uliza."

"Zile siku zote. Ukishanilaza pale kwenye kona. Ukirudi chumbani kwako, ulikuwa unalala?"

Niliona anachokitaka. Alitaka nimwambie nilikesha miaka ishirini, nikisikiliza kuta, nikihesabu pumzi zake. Lingekuwa neno jepesi, lingemponya, na nisingekuwepo muda mrefu wa kulilinda. Lilikuwa tayari mdomoni.

"Nililala," nikamwambia. "Nililala vizuri."

Akaniangalia kwa mara ya kwanza tangu Mtakatifu Dumitru. Kisha akachukua bakuli akaenda kuliosha, na maji yakamwagika bombani kwa muda mrefu mno kwa bakuli moja.